Mbwa anayejikuna hahitaji oili chafu

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumzie jambo linaloonekana mitaani Dar es Salaam, Morogoro, Tanga na kwingineko: mbwa aliyepakwa oili chafu. Anapita mweusi tii, manyoya yamegandamana, yanayong'aa ni macho tu. Mwenyewe ukimuuliza, atakwambia anamtibu ukurutu. Nia yake ni njema na oili ameipata bure gereji. Lakini anachompaka ni sumu, na mara nyingi hata ugonjwa wenyewe si ukurutu.

Oili iliyotoka kwenye injini ina mabaki ya petroli au dizeli na chembechembe za metali. Mbwa akipakwa kitu hujisafisha kwa ulimi, kwa hiyo ataila. Akiila hutapika, na akitapika oili huweza kuteleza ikaingia mapafuni na kuleta nimonia ya kumuua siku chache baadaye, wakati nyumbani wameshasahau habari ya oili. Ngozi iliyochubuka ndiyo kwanza huungua. Kwa mtoto wa mbwa aliyepakwa mwili mzima, sumu hupenya hata bila kulamba. Ikiwa ameshapakwa, msugue kwanza kwa mafuta ya kupikia mpaka oili ilegee, halafu mwoshe kwa sabuni ya maji ya vyombo na maji ya uvuguvugu, mara mbili au tatu. Msitumie mafuta ya taa kuitoa, wala msimlazimishe kutapika.

Muwasho ni dalili, na dalili hiyo moja huletwa na mambo mengi. Kabla ya kwenda dukani, kaa umtazame mbwa anajikuna wapi. Anayejing'ata mgongoni karibu na mkia na nyuma ya mapaja, mshuku kiroboto. Anayekwangua kingo za masikio, viwiko, visigino vya miguu ya nyuma na tumbo, mshuku ukurutu. Anayelamba nyayo mpaka manyoya meupe yanageuka rangi ya kutu, anayesugua uso ukutani, na masikio yake kila baada ya muda mfupi yana uchafu na harufu, huyo huenda ana mzio wa chakula au wa vitu vilivyomo hewani na ndani ya nyumba. Mipaka hii huingiliana, na mbwa mmoja anaweza kuwa na matatizo mawili kwa pamoja. Ndiyo maana tunasisitiza mpangilio: wadudu kwanza, maambukizi ya ngozi pili, chakula tatu, na mzio wa mazingira mwisho kabisa. Anayeanza na la mwisho hupoteza fedha.

Tuanze na kiroboto, kwa sababu katika joto na unyevu wa Pwani yupo mwaka mzima. Chukua kitana chenye meno yaliyobanana, kile cha chawa. Kipitishe juu kidogo ya mkia mpaka kiguse ngozi, kisha kung'uta kinachotoka kwenye karatasi nyeupe ya chooni iliyoloweshwa. Subiri dakika moja. Vumbi la kawaida litabaki vumbi. Lakini vile vidoa vyeusi vikitoa duara jekundu linalosambaa kwenye karatasi, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya mbwa wako. Mwenye mbwa huweza kusema, "Sijaona kiroboto hata mmoja," na anasema kweli. Mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto hujing'ata na kujilamba kutwa, akiwameza viroboto wenyewe. Mtazame sehemu ya haja kubwa: ukiona vipande kama punje za mchele, hao ni tegu wanaopatikana kwa kumeza kiroboto. Ushahidi huo unatosha.

Kwa mbwa wa namna hiyo, kuumwa mara chache tu kunatosha kumwasha kwa siku kadhaa. Kupunguza viroboto hakumsaidii, lazima waishe. Na hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa kuwa humwosha mbwa na kuliacha banda. Viroboto wakubwa walio mwilini ni kama asilimia 5 tu ya wote. Asilimia 95 iliyobaki ni mayai, viluwiluwi na pupa waliomo kwenye gunia analolalia, kwenye nyufa za sakafu, na kwenye mchanga wa kivulini chini ya ngazi. Jike mmoja hutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku, na mayai hayo hayanati mwilini, hudondoka popote mbwa anapopita. Pupa yumo ndani ya kifuko kisichopenywa na dawa nyingi, na anaweza kungoja humo kwa miezi. Kwa hiyo wiki mbili au tatu baada ya kutibu utaona viroboto wapya, useme dawa ni feki. Si lazima iwe feki. Mara nyingi hao ni pupa waliokuwa hawajatoka.

Watibu mbwa na paka wote wa nyumba siku moja, na endelea miezi 3 bila kuruka. Gunia bovu lichome. Matandiko yafue kwa maji ya moto na kuyaanika juani, na banda lifagiliwe kila siku, maana viluwiluwi hawavumilii jua wala ukavu. Vidonge vya kisasa vya afoksolaneri hufanya kazi mwezi mmoja na vya fluralaneri wiki 12. Vinaua kupe na utitiri wa ukurutu pia. Bei yake huuma, lakini fanya hesabu ya dawa za bei rahisi ulizonunua mwaka mzima bila mafanikio. Mbwa mwenye kifafa asipewe bila daktari kuelezwa. Na tafadhali, dawa ya mbwa yenye permethrini isimguse paka, itamuua.

Ukurutu wenyewe ukoje? Ni utitiri usioonekana kwa macho, unaochimba vijia ndani ya ngozi na kutaga humo. Kuna jaribio la nyumbani: kunja ukingo wa sikio la mbwa, uusugue kati ya vidole viwili kwa sekunde chache. Mbwa wengi wenye ukurutu hurusha mguu wa nyuma upande huohuo kama wanajikuna hewani. Si uthibitisho kamili, ila ukijumlisha na magamba kwenye kingo za masikio na watu wa nyumbani wanaowashwa mikononi na tumboni, shaka hubaki ndogo. Kipimo cha kukwangua ngozi na kuangalia kwa hadubini mara nyingi hakiuoni utitiri hata kama upo, kwa hiyo daktari mzoefu hutibu kwa kushuku. Watibiwe mbwa wote walioishi pamoja, hata asiyejikuna. Upele wa binadamu uliotoka kwa mbwa kwa kawaida hukauka wenyewe mbwa akipona, kwani utitiri huo hauwezi kuendeleza kizazi chake kwa mtu.

Dawa mbili za ng'ombe zinazotumika kwa mbwa zinatutia hofu kuliko zote. Ya kwanza ni sindano ya ivermektini ya asilimia 1. Mililita moja ina miligramu 10. Dozi ya ukurutu huanzia miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mbwa mdogo wa kilo 5 anahitaji miligramu 1, yaani mililita 0.1, tone lisilojaa hata mstari mmoja mkubwa wa bomba la sindano. Anayemchoma "mililita moja tu" amempa mara kumi. Mbwa huyo ataanza kuyumba, mboni za macho zitapanuka, atadondosha udenda, ataacha kuona, na anaweza kuzimia asiamke. Mbwa wa jamii ya koli, wale wa kuchunga kondoo, hudhurika hata kwa dozi ambayo wengine wanaivumilia. Uzito usikadiriwe kwa macho: panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe.

Ya pili ni amitrazi ya asilimia 12.5, dawa ya josho. Kwa mbwa huchanganywa mililita 2 kwenye lita 1 ya maji, mchanganyiko wa siku hiyohiyo, na asisuuzwe bali aachwe akauke kivulini bila kujilamba. Kipimo cha kizibo ndicho kinachoua, kwa sababu vizibo havilingani. Mtoto wa mbwa wa chini ya miezi 4, mbwa mwenye vidonda vibichi au mwenye kisukari asiogeshwe nayo. Mbwa aliyezidishiwa husinzia, hupoa mwili, na moyo wake hupiga polepole. Apelekwe kwa daktari saa hiyohiyo. Wenye maduka ya pembejeo wanaogawa dawa hii kwenye chupa za soda zisizo na lebo, tunawaomba waache kabisa. Mteja aliyebeba chupa hiyo nyumbani hana pa kusoma kipimo, na mtoto wake anaweza kuinywa.

Ngozi iliyokunwa kwa muda mrefu huingiwa na bakteria na fangasi. Utaona vipele vyenye usaha, duara za magamba, mafuta, na harufu kama ya unga uliochacha. Hapo hata chanzo kikiondolewa, muwasho utabaki. Shampuu yenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 2 hadi 4 inasaidia sana, mara mbili kwa wiki kwa wiki 3 au 4. Siri yake ni muda: povu likae mwilini dakika 10 kamili kwa kutazama saa, ndipo lisuuzwe. Wengi humwaga baada ya dakika moja wakasema haifai. Sabuni ya unga na dawa ya kung'arishia nguo hukausha ngozi na kuongeza muwasho.

Wadudu wameisha, ngozi imetulia, na bado anajikuna? Sasa fikiria chakula. Nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano ndivyo vinavyotajwa zaidi. Kipimo cha kuaminika ni kumpa, kwa wiki 8, aina moja ya nyama ambayo hajawahi kula pamoja na wanga mmoja mpya, mathalani sungura na viazi vitamu. Aliyekulia ugali na dagaa, samaki kwake si kipya. Katika wiki hizo asipewe mfupa, maziwa, wala tonge la mtoto chini ya meza. Tonge moja linaharibu jaribio zima. Mbwa anayezurura majalalani hawezi kupimwa hivi mpaka afungiwe. Akipata nafuu, mrudishie chakula cha zamani: muwasho ukirejea ndani ya siku 14, jibu umelipata. Mtoto wa mbwa anayekua asiachwe kwenye mlo huo bila ushauri, una upungufu wa madini.

Anayebaki baada ya hayo yote ndiye mwenye mzio wa mazingira, wa utitiri wa vumbi la nyumbani, ukungu au chavua. Mara nyingi huanza kati ya miezi 6 na miaka 3. Hauponi, unadhibitiwa maisha yote: kuosha nyayo kwa maji kila arudipo kutoka majanini na kuzikausha, kumwogesha kila wiki, kufua matandiko, kutoachia kiroboto hata mwezi mmoja. Kuna dawa ya vidonge ya oklasitinibu kwa mbwa wa zaidi ya mwaka mmoja, inapopatikana. Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza muwasho, ni rahisi na ya haraka, nusu miligramu hadi miligramu 1 kwa kilo kwa siku, siku chache, kisha siku moja ndiyo moja hapana kwa kushusha. Isitolewe pamoja na dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni, itatoboa tumbo. Wala isitangulie kabla wadudu hawajatafutwa.

Hili la mwisho linatuhusu sisi wa fani. Sindano ya kuzuia muwasho, ile ya kukaa wiki kadhaa mwilini, hutolewa mno kwa mbwa ambaye hata hajachanwa manyoya. Mwenye mbwa hufurahi, anarudi baada ya mwezi, anachomwa tena. Baada ya mwaka mbwa anakunywa maji ndoo nzima, tumbo limeshuka, ngozi imekuwa karatasi, na viroboto wake wapo palepale.

Kila Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na katika kampeni nyingine za chanjo, mbwa wengi huletwa mahali pamoja kwa kamba na minyororo. Tunawaomba maofisa mifugo wa kata waende siku hiyo na kitana, karatasi nyeupe na chupa ya maji, na wamtazame kila mbwa mgongoni wakati mwenzao anavuta chanjo kwenye bomba. Kwa mbwa mmoja ni dakika mbili.

Wataalamu wa afya ya mifugo,
Morogoro