Barua ya wazi kwa mawakili vijana wa Tanga wanaoutaka ubunge

Wanangu mawakili,

Assalaam aleikum, na kwa wengine, Bwana asifiwe. Habari zimenifikia hapa Ngamiani kwamba baadhi yenu mmeanza kuwapitia wazee wa kata mkitafuta baraka, na kwamba siku hizi mkikutana kwenye korido za mahakama mazungumzo ni majimbo zaidi kuliko mashauri. Sina neno baya juu ya hilo. Ila ibara ya 67 ya Katiba haimdai mgombea shahada ya sheria. Inamtaka awe raia aliyetimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na apendekezwe na chama cha siasa. Sasa mwanasheria anapeleka nini Dodoma ambacho mwalimu au mkulima hodari hana? Mimi niliyemaliza utumishi wangu nikiwa karani wa mahakama najibu kwamba anapeleka utaratibu, na katika hilo nataka mmsome marehemu Samuel Sitta wa Urambo, mema yake na yale mengine.

Alizaliwa mwaka 1942, akasoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaingia bungeni mwaka 1975 na kukaa huko miaka 20. Baadaye alikiongoza Kituo cha Uwekezaji, kisha mwaka 2005 akarudi bungeni na kuchaguliwa Spika. Wengi wanakumbuka wito wake wa "kasi na viwango". Mimi nakumbuka zaidi Kanuni za Bunge za mwaka 2007, kwa sababu wito hupita na kanuni hubaki mezani. Katika kipindi chake Waziri Mkuu alianza kusimama siku ya Alhamisi kujibu maswali ya papo kwa papo, na kamati za kukagua hesabu za umma zikaongozwa na wabunge wa upinzani.

Hapo ndipo lilipoingia suala la Richmond, mkataba wa umeme wa dharura wa mwaka 2006. Novemba 2007 Bunge liliunda Kamati Teule chini ya mwanasheria mwingine, Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela. Nyinyi mliozoea ushahidi wa mahakamani itazameni kazi ile kwa jicho la kazi yenu: walipewa hadidu za rejea, wakahoji mashahidi, wakalinganisha maelezo na nyaraka, wakaandika taarifa na kuiweka mezani, ikajadiliwa hadharani nchi nzima ikisikiliza. Tarehe 7 Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, na Baraza la Mawaziri likavunjika. Walikuwapo wabunge wenye sauti kubwa kuliko hao miaka mingi kabla, na hakuna Waziri Mkuu aliyeondoka kwa sauti zao. Jalada lililopangwa vizuri ndilo lililofanya kazi.

Lakini msisome ukurasa mmoja mkafunga kitabu. Ni chini ya Spika huyo huyo, Agosti 2007, Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani, alisimamishwa kuhudhuria Bunge baada ya kuibua suala la mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi. Na mwaka 2014, akiwa Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba, wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walipotoka nje mwezi Aprili yeye aliendelea na waliobaki. Sheria ilitaka theluthi mbili ya wajumbe wa kila upande wa Muungano, basi kanuni zikarekebishwa ili hata waliokuwa nje ya nchi, wengine wakiwa Hija, wapige kura huko huko waliko. Hesabu ikatimia, na tarehe 2 Oktoba Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 iliahirishwa, na mpaka leo haijapigwa. Nasema wazi kwamba hapo alikosea. Ujuzi ule ule uliolifungua Bunge mwaka 2008 ulitumika kupata idadi ya kura bila maridhiano, na katiba isiyo na maridhiano haisogei hata ikiwa na kura zote zinazotakiwa. Wakili hodari akiingia bungeni atajaribiwa hivyo hivyo, kwa sababu kutafuta upenyo ndiyo kazi tuliyomlipa aifanye mahakamani.

Kuhusu vyama sitasema mengi, mnaijua ibara ya 71: anayepoteza uanachama wa chama kilichompeleka bungeni hupoteza na kiti. Sitta mwenyewe alipata fundisho la nguvu ya chama mwaka 2010, chama chake kilipoamua kwamba safari hiyo mgombea uspika awe mwanamke, na Anne Makinda akashika kiti. Ila nyinyi mna kinga ambayo wabunge wengi hawana, nayo ni ofisi ya kurudia. Lipeni ada zenu za mwaka, msiache leseni ife, na msiishi kwa mikopo inayolipwa na posho za vikao. Mtu asiye na pa kurudi hunyamaza hata pasipotakiwa kunyamaza.

Kazi yenyewe ipo kwenye kamati, kabla kamera hazijawashwa. Ukiletewa Muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, soma kila sehemu, na kando yako uwe na sheria mama inayoguswa. Kwa muswada wa namna hiyo, mwaka 2021, mabaraza ya kata yaliondolewa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi yakabakiziwa usuluhishi. Mzee wa Muheza au Korogwe mwenye mgogoro pembezoni mwa shamba la mkonge, anayekuja mjini na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki, alijua habari hiyo alipofika kaunta akaambiwa shauri lake laanzia kwingine, tena kwa nauli nyingine. Huyo ndiye mteja wenu mpya. Hatakulipeni ada wala hatajua kama mliwasilisha jedwali la marekebisho, yaani maandishi ya kutaka muswada ubadilishwe, kwa niaba yake.

Jambo la mwisho ni la dharura kuliko yote. Atakayechukua fomu akabidhi majalada yake kwanza, kila mteja ajulishwe kwa maandishi nani atasimama badala yake, na fedha za wateja zilizo mikononi zirudishwe au zihamishwe kwa stakabadhi. Nimeona mashauri yakifutwa kwa sababu wakili yuko kwenye kampeni na mteja amekaa benchi peke yake akisubiri kuitwa.

Mzee wenu,
Karani mstaafu wa mahakama
Ngamiani, Tanga