Watwa wa Kahuzi-Biega wasisahaulike katika mazungumzo ya amani

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo halijapewa uzito unaolistahiki katika habari za vita vya mashariki ya Kongo. Tunaelezwa mji gani umetekwa na viongozi gani wamekutana, lakini habari za msitu na wenyewe hazifiki kwetu.

Karibu na mji wa Bukavu ipo Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, mojawapo ya makazi makubwa ya gorila wa nyanda za mashariki, ambao hawapatikani porini nje ya Kongo. Ilianzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, na katika miaka hiyo Watwa, ambao tangu jadi waliishi humo kwa kuwinda na kuchuma, walitolewa bila ya ridhaa wala fidia, wakaishia kuwa vibarua katika mashamba ya wengine. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi kwamba walidhulumiwa, na ikaitaka serikali ya Kongo iwape hati ya pamoja ya ardhi yao, iwalipe fidia na iwaombe radhi hadharani.

Wapo wanaosema kwamba Watwa wakirudi msitu utakwisha, wakitoa mfano wa mwaka 2018, ambapo baadhi yao waliingia tena hifadhini, miti ikakatwa kwa ajili ya mkaa, na watu wakauawa katika mapambano na askari wa hifadhi. Sikanushi kwamba miti ilikatwa. Lakini mtu aliyerudi kwake bila ya hati, akiwa na njaa na amezungukwa na wafanyabiashara wa mkaa wenye kulindwa kwa bunduki, hakupewa nafasi ya kuutunza msitu kama walivyoutunza wazee wake.

Sisi wa Pemba tunalijua jambo hili kwa mfano wa karibu. Kisiwa cha Misali, ambacho wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri alikifanya msala wake, katika miaka ya 1990 kilikaribia kukabidhiwa mwekezaji wa hoteli, na wavuvi wanaokwenda dago pale, yaani kupiga kambi ya uvuvi, wakapinga. Mwaka 1998 kikawa eneo la hifadhi ambamo sehemu moja ya bahari imefungwa na sehemu kubwa imeachiwa wavuvi. Matatizo hayakosekani, lakini kasa wanataga na mvuvi bado anakwenda dago.

Tena tuna deni. Misafara ya pembe na watumwa ya Tippu Tip na wenzake, iliyotoka Unguja katika karne ya 19, ilifika hadi Manyema, na Kiswahili kinachosemwa leo Bukavu kilipita njia hiyo hiyo. Watu tuliowafikia kwa madhila tusione uzito kuwasemea.

Tangu waasi wa M23 waiteke Bukavu Februari 2025, Kinshasa inaweza kujitetea kwamba haiwezi kurudisha ardhi isiyoidhibiti. Mimi siukubali utetezi huo. Hati na kauli ya kuomba radhi hazihitaji kikosi cha askari, na zikishatolewa, yeyote atakayekaa kwenye meza ya mazungumzo atalazimika kuwahesabu Watwa kuwa ni wenye ardhi, si wavamizi wa kuondoshwa tena vita vitakapokwisha.

Kongo ni mwanachama mwenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022. Naomba waandishi wako wawaulize wabunge wanaotuwakilisha katika Bunge la Jumuiya iwapo wameusoma uamuzi ule wa Tume, na iwapo wako tayari kuuliza mbele ya wenzao kutoka Kongo ni lipi hadi sasa limetekelezwa.

Msomaji wako,
Wete, Pemba