Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Ya kawaida nitayapitia upesi: kamati imekutana kama katiba inavyotaka, hesabu zimekaguliwa, na mhazini atazisoma. Muda uliobaki naomba niutumie kwa swali mlilolirudia sana mwaka huu kuhusu limfoma, saratani ya mfumo wa limfu: “Picha inaonyesha doa linawaka. Je, limfoma imerudi?”

Skani ya PET tuliyoizoea, picha inayoonyesha mahali seli zinapokula sukari nyingi, hutumia sukari iliyobandikwa florini-18, elementi yenye mionzi inayopungua nusu kila dakika 110. Daktari hulinganisha mng’ao wa tezi na ule wa ini, kisha hutoa alama, 1 hadi 5, kadiri mng’ao unavyozidi. Kipimo hiki kimewaepusha wagonjwa wengi na dawa wasizozihitaji. Lakini sukari haichagui mlaji. Seli za kinga zikiwa vitani nazo huila kwa pupa, na doa huwaka vilevile. Katika limfoma ya Hodgkin seli za saratani ndani ya uvimbe ni chache mno, zimezungukwa na umati wa seli za kinga. Anayejipapasa uvimbe shingoni, kwa kiasi kikubwa anawagusa askari wake mwenyewe.

Ndiyo maana kamati imefuatilia utafiti wa kupiga picha askari hao. Watafiti huchukua kipande cha kingamwili kinachonasa CD8, alama iliyo juu ya seli T zinazoua, aina ya seli za kinga, wakakibandika zirkoni-89, elementi nyingine yenye mionzi. Mionzi yake hupungua nusu kwa siku 3 na ushei, hivyo picha yaweza kupigwa hata kesho yake.

Lililonigusa zaidi linahusu CAR-T, tiba inayotumia seli T za mgonjwa mwenyewe zilizobadilishwa maabara ili ziishambulie saratani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa limfoma ya seli B, aina nyingine ya seli za kinga. Seli zikisharudishwa mwilini, kipimo cha damu hueleza kama zimeongezeka. Hakielezi kama zimeingia ndani ya uvimbe. Kukata kipande cha uvimbe na kukipima hujibu kwa sehemu ile moja tu. Watafiti wanazipa seli hizo jeni ya ziada ili zivute dawa yenye mionzi, zionekane zilikofika.

Haya bado ni utafiti, si huduma ya kila siku, na zirkoni humpa mgonjwa mionzi mingi kuliko florini. Ukialikwa kushiriki, uliza kiasi chake. Una haki ya kukataa bila kupoteza matibabu yako.

Kamati inapendekeza kikao na wataalamu wa picha za nyuklia mwakani. Naomba mlijadili pendekezo hili na kulipigia kura.