Pa kuwafunzia watoto pikipiki ya theluji

Mpendwa shoga yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako imefika na nimeisoma mara mbili. Unaniuliza wapi uwapeleke wanao wakajifunze kuendesha pikipiki ya theluji, kile chombo cha injini chenye skii mbele na mkanda mpana unaozunguka chini yake, mkubwa ana miaka 12 na mdogo 7, na safari ya majira ya baridi mmeshaitia nia ila nchi bado hamjachagua. Nimefurahi kwamba umeuliza kabla hujalipa. Sisi tulilipa kwanza, maswali yakaja baadaye.

Binti yangu alikuwa na miaka 10. Tulipofikia palikuwa na mtu anakodisha, hana neno baya na mtu, lakini mwalimu hakuwa. Alimpandisha binti kwenye pikipiki ya watu wazima, akamwonyesha, haya mafuta, hii breki, kisha akasogea pembeni. Sasa elewa jambo hili, maana ndilo kiini cha kila nitakachokuandikia. Mafuta ya pikipiki hii hayazungushwi kwa kiganja kama za barabarani. Ni kijiti kidogo upande wa kulia wa usukani, kinasukumwa kwa dole gumba. Mtoto akishtuka, anaukamata usukani kwa nguvu zake zote, na dole gumba linakaza pamoja na vidole vingine. Kwa hiyo kadiri anavyoogopa, ndivyo chombo kinavyozidi kukimbia. Binti yangu alikwenda hivyo moja kwa moja hadi kwenye tuta la theluji, akarushwa pembeni, na injini ikaendelea kunguruma peke yake. Ile kamba ya kuzimia injini, ambayo hufungwa kwa mwendeshaji ili akidondoka injini izimike, ilikuwa inaning'inia kwenye usukani. Hakuna aliyemfunga. Hakuumia, namshukuru Mungu, ila msimu mzima ule hakutaka hata kuisikia sauti ya injini.

Mwaka uliofuata tulitafuta kwa utulivu, tukapata mahali pengine. Uwanja tambarare, mpana kama viwanja viwili vya mpira, hauna mti, hauna waya wala uzio. Mwalimu alikuwa mama mmoja wa makamo. Karibu nusu saa nzima injini haikuwashwa. Watoto walikaa, wakapiga magoti, wakasimama kwenye vikanyagio, wakajifunza kuuegemeza mwili upande wanaokata kona, kwa sababu chombo hiki hakifuati usukani peke yake, kinafuata na uzito wa mtu. Halafu akawachezesha mchezo. Yeye akisema "Achia!", kila mtoto anafungua dole gumba papo hapo. Aliwaambia achia wakiwa wanacheka, achia wakiwa wanatazama pembeni, achia ghafla kutoka nyuma yao. Injini zilipowashwa alitembea kwa miguu kando ya binti yangu, mkono mgongoni kwake, naye akaenda mwendo wa konokono huku machozi yamemlenga. Mzunguko wa nne, mama yule aliondoa mkono wake taratibu na binti hakujua.

Mahali pa namna hiyo ndipo pa kutafuta, dada. Sasa nchi.

Kabla ya kutazama bei na picha, tazama sheria ya umri, maana itakupunguzia nusu ya kazi. Norway na Sweden huendeshi mpaka ufikishe miaka 16 na uwe na cheti au leseni ya chombo hiki, kwa hiyo huko mkubwa wako atapakiwa tu. Quebec, jimbo la Kanada, njia za umma ni kuanzia miaka 16 pia. Ontario, jirani yake hukohuko Kanada, ni tofauti. Kuanzia miaka 12 mtoto anaweza kufanya kozi na kupata leseni ya pikipiki ya theluji, na wanaoendesha mafunzo hayo ni shirikisho la vilabu, Ontario Federation of Snowmobile Clubs. Marekani kila jimbo lina lake. Wisconsin, aliyetimiza miaka 12 na aliyezaliwa tangu tarehe 1 Januari 1985 anatakiwa awe na cheti cha usalama. Minnesota, mtoto anaruhusiwa kuanza kozi akiwa na miaka 11, cheti kinaanza kufanya kazi akitimiza 12, na hata wazazi wakazi wa jimbo waliozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1976 wanatakiwa kuwa nacho. Huko Minnesota watoto wa rika la mkubwa wako husoma masomo kwanza, kisha wanakuwa na siku ya kuendesha mbele ya wakufunzi wa kujitolea. Hiyo siku ndiyo ninayokutakia. Wale wakufunzi hawauzi kitu, wameacha shughuli zao wakaja kufundisha watoto wa watu, na jinsi wanavyosahihisha kosa utaona tofauti yake.

Kwa hiyo nikiwa mimi, kwa ajili ya mkubwa ningeandikia idara ya maliasili ya jimbo, Minnesota au Wisconsin, au klabu ya Ontario, na ningeandika mapema, Oktoba ikianza. Kozi nyingi hufanyika kabla theluji haijashika. Ukingoja hadi Januari utakuta viti vimejaa. Waulize pia wanavyowashughulikia wageni wasio wakazi. Vilabu usivipuuze hata kama huna cheti akilini. Hao ndio wanaosawazisha njia, wanaojua ni shamba la nani linaruhusu watoto kuzunguka, na njia ipi huwa kimya siku za katikati ya wiki.

Mdogo ni habari nyingine. Kwa umri wake kuna vyombo vidogo vya injini ya cc 120, kama ZR 120 ya Arctic Cat na SRX120R ya Yamaha, ambavyo kasi yake imezuiwa kiwandani, kama kilomita 13 hivi kwa saa, mwendo wa mtu mzima anayekimbia. Yaani ukiwa na afya unaweza kukimbia kando yake. Tafuta kituo chenye kiwanja kidogo kilichofungwa, chenye vyombo vya ukubwa huo, basi. Lapland ya Finland, upande wa Rovaniemi, watalii wadogo huendesha hivyo hivyo kwenye viwanja vya kuzunguka. Asipelekwe njiani, hata mkubwa akilia kwamba wanaachana.

Siwezi kukuficha lingine. Chama cha madaktari wa watoto Marekani, American Academy of Pediatrics, kinashauri aliye chini ya miaka 16 asiendeshe kabisa, na aliye chini ya 6 asipakiwe hata nyuma. Mimi na baba watoto tulilijadili usiku kucha. Tulichokubaliana ni uwanja uliofungwa, mwendo mdogo, mtu mzima akiwa karibu kwa kuguswa, na si zaidi ya hapo. Ninyi mtapima wenyewe, na mkiamua kungoja sitawaona waoga.

Ukipiga simu mahali, usianze na bei. Uliza watamwanzishia mtoto kwenye chombo gani. Akianza kukusifia nguvu za injini, mshukuru, ukate. Uliza mwalimu mmoja ana watoto wangapi. Sisi walikuwa wanne na hata hao niliona wengi. Uliza kamba ya kuzimia injini inafungwa wapi, na usikilize kama anajibu bila kufikiri. Na uliza kama uwanja ni nchi kavu au ziwa. Wengi hupenda ziwa kwa kuwa ni tambarare. Mwongozo wa Minnesota unataka barafu mpya iliyo angavu iwe na unene wa inchi 5 hadi 7, yaani kama sentimita 13 hadi 18, ndipo ibebe pikipiki, lakini unene haulingani ziwa zima. Kwa anayejifunza, ziwa mimi nalikataa.

Mkifika, mpandishe kila mmoja injini ikiwa imezimwa. Nyayo zikae sawasawa kwenye vikanyagio, na dole gumba lifike kwenye kijiti bila mkono kujikunja. Skafu ivuliwe, isije ikanaswa na mkanda unaozunguka. Na angalia vidole. Mtoto aliyeganda dole gumba hawezi kuachia mafuta hata akitaka, kwa hiyo dakika 20 nje, kisha ndani akapate joto, halafu tena.

Mkichagua Quebec kwa sababu nyingine, basi pitieni Valcourt kwenye makumbusho ya Joseph-Armand Bombardier, aliyeleta pikipiki ya theluji iitwayo Ski-Doo mwaka 1959. Mwanawe mdogo alifariki mwaka 1934 katikati ya baridi, theluji imeziba barabara ya kwenda hospitali. Nilimweleza binti yangu habari hiyo, akanyamaza sana, kisha akauliza kama yule mtoto angefika.

Kofia ya binti imeshambana. Haijawahi kugonga chochote, ile ya ajali niliitupa siku ileile. Mpime mdogo kichwa kwa utepe, juu kidogo ya nyusi, uniandikie sentimita. Ikimkaa bila kuchezacheza nitaituma pamoja na glavu.

Ni mimi shoga yako,
Mama wa yule yule