Kabla hujanunua ruta mpya, tazama ukuta

Wateja wengi wanaoingia dukani kwetu hapa Kirumba, Mwanza, huomba ruta "yenye nguvu zaidi", kwa sababu intaneti inafika sebuleni ila chumbani inagoma. Kumuuzia mtu ni rahisi. Lakini mara nyingi ruta aliyonayo ni nzima kabisa. Tatizo liko njiani, mawimbi yanapopita.

Ruta, simu, redio, king'amuzi, spika ya bluetooth na rimoti ya geti vyote hutumia mawimbi ya redio. Hewani yote huenda kasi moja, takribani kilomita 300,000 kwa sekunde. Yanatofautiana kwa masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, na masafa ndiyo yanayoamua wimbi litapita wapi na litakwama wapi. Redio ya FM iko kati ya MHz (mitetemo milioni kwa sekunde) 88 na 108, wimbi lake lina urefu wa kama mita 3. Wimbi refu hivyo hujipinda kiasi ukingoni mwa kilima, ndiyo maana redio husikika hata nyuma ya miamba yetu. WiFi ya GHz 2.4 (GHz moja ni mitetemo bilioni kwa sekunde) ina wimbi la sentimita 12 hivi, ya GHz 5 ina la sentimita 6 tu. Hiyo ya 5 ni ya kasi ukiwa karibu, lakini ikikutana na ukuta wa pili inakuwa imechoka.

Nyumba moja tuliyoitwa kule Isamilo, ruta ilikuwa sakafuni nyuma ya televisheni, pembeni ya friji. Kati yake na chumba cha watoto kulikuwa na ngazi ya zege yenye nondo na kabati la kioo kikubwa. Chuma hurudisha wimbi lilikotoka, na kioo cha kujitazamia kina utando wa metali nyuma yake. Tuliipandisha ruta juu ukutani kwenye korido, tukaihamishia chaneli 1 (njia mojawapo ya masafa ya WiFi) kwa kuwa majirani walijazana kwenye 6. Video za masomo zikaacha kuganda. Kilichonunuliwa ni waya tu.

Malalamiko ya pili ni king'amuzi cha dishi kukata mvua inapotoka ziwani. Mawimbi ya satelaiti nyingi za televisheni yako kwenye GHz 10 hadi 12 na zaidi, na matone ya mvua huyameza na kuyatawanya. Mvua kubwa sana ikikata picha dakika chache, hiyo ni kawaida. Manyunyu yakikata, dishi limelegea au maji yameingia kwenye koneta (kiungio cha waya) ya LNB, kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi. Dishi likisogea hata digrii moja, siku ya jua hutajua, kwa sababu ishara ina akiba. Mvua ndiyo inayoimaliza. Hapo kubadilisha king'amuzi ni kutupa pesa.

King'amuzi cha antena hakisumbuliwi sana na mvua. Adui yake ni kilima. Ukikaa nyuma ya mwamba, mahali usipouona mnara wa televisheni, antena iliyopandishwa juu ya bomba refu itakusaidia kuliko kifaa chochote cha kuongeza nguvu, maana kifaa hicho hukuza na kelele pia.

Wavuvi wa Kayenze na Igombe hutuuliza mbona simu hushika vizuri majini kuliko nyumbani. Juu ya ziwa hakuna ukuta wala bati. Ila kwa mtandao wa kawaida wa 2G (ule wa zamani wa kupiga simu na kutuma SMS), ukizidi kilomita 35 kutoka mnarani simu haihudumiwi hata kama mawimbi yanafika: simu na mnara hupokezana kwa zamu fupi mno, na jibu la mbali huchelewa zamu yake. Usiuziwe antena kwa ahadi ya kuuvuka mpaka huo.

Ukituita, tutakuja na kipimo cha ishara kabla ya kukutajia kifaa chochote. Tuambie tu: inakata saa zote au kwenye mvua? Chumba kipi? Na jirani yako anashika?