Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Wosia wa Isabella Stewart Gardner na Ahadi Tuliyopewa

Ndugu Wanachama,

Mwaka huu vikao vyetu vya usomaji vilihusu maisha ya mtu mmoja tu, Isabella Stewart Gardner wa Boston, mkusanyaji wa sanaa aliyeacha jumba la makumbusho kwa masharti, na ingawa baadhi yenu mlilalamika kwamba huo ni muda mrefu mno kwa tajiri mmoja wa Marekani, naona tulifanya vyema, kwa kuwa mwanachama mwenzetu ametuahidi picha zake mwenyewe kwa masharti, nasi bado hatujamjibu.

Isabella alizaliwa New York mwaka 1840, akaolewa na John Gardner mwaka 1860, na mtoto wao wa pekee akafariki mwaka 1865 kabla hajatimiza miaka miwili. Urithi alioachiwa na baba yake mwaka 1891 ndio uliompa nguvu ya kununua kazi kubwa: mwaka 1892 alipata mchoro wa Vermeer, mchoraji wa Uholanzi, katika mnada mjini Paris, na mwaka 1896 akapata wa Titian, mchoraji wa Italia, kupitia mtaalamu wa sanaa Bernard Berenson, ambaye alipokuwa kijana Isabella alikuwa mmoja wa waliomchangia nauli ya kwenda kusoma sanaa Ulaya. Mumewe alifariki mwaka 1898. Mjane huyo alijenga jumba la mtindo wa Venice lenye ua wa maua katikati, akaishi ghorofa ya juu, na mwaka 1903 akawafungulia watu milango ya ghorofa za chini kama makumbusho.

Kilichotushughulisha zaidi ni wosia wake. Alipofariki mwaka 1924 aliacha wakfu wa dola milioni 1 na sharti kwamba mpangilio wa vitu usiguswe. Ukibadilishwa, vyote viuzwe na fedha ziende Chuo Kikuu cha Harvard. Nakiri kwamba mwanzoni niliona hicho ni kiburi kitupu. Sharti hilo limewabana kweli wadhamini, kiasi kwamba walipotaka kuongeza jengo jipya, lililofunguliwa mwaka 2012, iliwabidi kwanza waombe ruhusa ya mahakama ya juu ya Massachusetts. Na tangu wezi walipochukua vitu 13 mwaka 1990, ukiwamo mchoro ule wa Vermeer, fremu tupu zingali zimetundikwa palepale.

Hata hivyo, Isabella aliweka sharti pamoja na fedha za kulitimizia, ilhali ahadi tuliyopewa sisi ina sharti peke yake. Kwa sababu hiyo Kamati Tendaji inapendekeza tuzipokee picha hizo endapo mtoaji atakubali kwamba masharti yahusu utunzaji wa picha na haki ya watu kuziona, wala si ukuta gani zitundikwe, na endapo atachangia gharama za matunzo.

Rasimu ya barua imeambatishwa. Wenye marekebisho wayawasilishe kwa Katibu kabla ya Mkutano Mkuu, ambapo itapigiwa kura mara tu baada ya Mweka Hazina kusoma hesabu.