Yah: Tiketi Mbili za Ndege Ambazo Hamkuzitoa na Ada ya Simu Ambayo Sikuambiwa

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Hii ni barua yangu ya tatu. Mbili za kwanza zilijibiwa kwa aya ileile, ya kunishukuru kwa kuwasiliana nanyi na kunitaka nisome masharti kwenye tovuti. Safari hii naomba isomwe na mtu mwenye uwezo wa kuamua fedha zirudishwe.

Nianze na jema, maana lipo. Tulikuwa wasafiri 5: mimi, mwenzangu, mama yangu na watoto wetu wawili, wa miaka 9 na 6. Nilihangaika na tovuti yenu siku 3. Kila nilipoweka abiria 5 ilinipa nauli moja ya juu kwa wote. Nikafuta, nikaanza upya, nikajaribu kwa simu ya mkononi, hata usiku wa manane niliamka kujaribu, kwa kuwa kuna wanaoapa kwamba bei hushuka watu wakilala. Haikushuka. Ndipo nikapiga simu. Nilisubirishwa dakika 35, muziki mmoja ukianza na kukatikia palepale, hadi nikapokewa na mhudumu anayeijua kazi yake.

Aliniuliza swali ambalo tovuti haikuwahi kuniuliza: je, ni lazima wote tuwe chini ya namba moja ya kumbukumbu, yaani nafasi zetu ziwekwe pamoja? Sikumwelewa. Akanifafanulia kwamba viti vya daraja la kawaida, japo ni vilevile na magoti yanabanwa vilevile, vimegawanywa katika mafungu ya nauli, kila fungu na herufi yake, na kwamba siku hiyo fungu la bei nafuu lilikuwa limebakiza viti 3. Ukiomba vitano kwa mpigo, mfumo haukupi vitatu vya bei ya chini na viwili vya bei ya juu. Unaruka hadi kwenye fungu lenye vitano na kuwapandishia bei wote. Akashauri tugawanyike. Mimi na watoto tuchukue vile vitatu, kwa sababu watoto hawakuweza kuandikishwa peke yao bila mtu mzima, na mwenzangu aende na mama kwenye fungu linalofuata. Kisha akaandika maelezo kwenye kumbukumbu zote mbili kwamba hawa ni wa familia moja na wanasafiri pamoja. Kwa dakika kama 10 alikuwa ameniokolea karibu robo ya nauli ya watu watatu.

Najua mtaniambia kwamba hilo ningelifanya mwenyewe kwenye tovuti, nikatafuta viti 3 kwanza kisha 2. Kweli, sasa najua. Siku ile sikujua, na yeye alijua. Kama angeniambia kwamba utaalamu huo una ada yake, ningelipa bila kununa.

Hakuniambia. Hapo ndipo lalamiko langu linapoanzia, ingawa ada si kubwa kuliko yote.

Kadi yangu ilikuwa na ukomo wa malipo kwa siku, kwa hiyo mhudumu alinishikilia nauli hadi kesho yake saa 12 jioni. Asubuhi yake, baada ya benki kuupandisha ukomo, nilipiga tena, nikapokewa na mhudumu mwingine, nikalipia watu wote 5. Ujumbe wa benki unaonyesha fedha zilitoka saa 4 na dakika 12 asubuhi, kwa mkupuo mmoja, karibu saa 8 kabla ya muda kwisha. Zikaja barua pepe mbili, moja kwa kila kumbukumbu. Zote mbili ziliandikwa kwa herufi kubwa kwamba nafasi imethibitishwa. Nikazifunga, nikaendelea na mambo yangu.

Siku 9 baadaye niliingia kumchagulia mama kiti cha pembeni, kwa ajili ya miguu yake, nikaambiwa kumbukumbu hiyo imefutwa. Nilipopiga simu ndipo nikaelezwa kitu ambacho msafiri wa kawaida hana namna ya kukijua: nafasi iliyothibitishwa bado si tiketi. Tiketi ina namba yake ya tarakimu 13, na barua pepe yangu ya kwanza ilikuwa na namba hizo tatu, moja kwa kila abiria. Ya pili ilikuwa na zile herufi na tarakimu 6 za kumbukumbu tu. Mhudumu wa pili alipokea fedha za watu 5 akatoa tiketi za watu 3. Ilipofika saa 12 jioni mfumo uliona kumbukumbu isiyo na tiketi, ukaifuta, ukarudisha viti sokoni. Fedha zangu zilibaki kwenu.

Kufikia siku hiyo lile fungu la nauli lilikuwa limekwisha. Niliambiwa nilipe tofauti ili mwenzangu na mama warudishwe kwenye ndege ileile, na kwa kuwa nisingeweza kumwacha mama nyuma, nililipa huku nikisema wazi kwamba sikubaliani. Tofauti hiyo ya watu wawili imemeza chote nilichookoa kwa wale watatu na kuvuka. Yaani ningekubali bei ya tovuti tangu siku ya kwanza, ningetumia kidogo zaidi ya nauli niliyokubaliana na mhudumu, lakini pungufu ya nilicholipa mwishoni.

Sasa turudi kwenye ada. Taarifa ya kadi yangu inaonyesha ada ya huduma ya simu imekatwa kwa kila tiketi, mara 5. Mliponitengenezea upya zile mbili mkaikata tena. Nimetozwa mara 7 kwa abiria 5, na mara 2 kati ya hizo ni gharama ya kusahihisha kosa lililofanyika mezani kwenu. Jibu lenu ni kwamba ada imeandikwa kwenye tovuti. Ndugu Meneja, nilikuwa kwenye simu. Wahudumu watatu wamezungumza nami, wakanitajia nauli, kodi na kiasi cha mwisho, na hakuna aliyelitaja neno ada.

Kila mara nilipopiga, sauti iliniambia kwamba mazungumzo yanarekodiwa ili kuboresha huduma. Nilipoyataja nikajibiwa kwamba rekodi hazitolewi kwa wateja. Sikuomba nipewe. Naomba mzisikilize nyinyi. Tarehe na saa za simu zote tatu nimeziambatanisha, pamoja na zile barua pepe mbili, ujumbe wa benki na taarifa ya kadi.

Ninachodai ni tofauti ya nauli niliyolipa kwa tiketi mbili, yote, pamoja na ada zote 7, zirudishwe kwenye kadi ileile iliyolipa. Vocha ya safari ijayo sitaipokea. Natoa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, nitayapinga malipo haya kupitia benki yangu na kupeleka nakala za nyaraka kwa mamlaka inayosimamia usafiri wa anga. Nimepigwa danadana miezi miwili, inatosha.

Ombi moja la pembeni. Yule mhudumu wa kwanza asiguswe. Ninahofu kwamba mkisikiliza rekodi mtamuuliza kwa nini alimfundisha mteja njia ya bei nafuu badala ya kumuuzia viti vitano vya fungu la juu. Aliyekosea ni yule aliyepokea malipo asihakikishe tiketi za kumbukumbu zote mbili zimetoka.

Wenu,
Abiria wa kumbukumbu mbili